Jongoo na Mti Wake: Methali Moja na Historia ya Usafi wa Nyumba

Utangulizi

Miongoni mwa methali za Kiswahili zinazojulikana sana ni ile isemayo kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Wako wasemaji waitoao kwa sura ya amri: ukitupa jongoo, tupa na mti wake. Maana inayofundishwa shuleni ni kwamba mtu aliyekusudia kuachana na ubaya budi auache pamoja na kila kinachohusiana nao. Kwa maana hiyo methali imetumika katika mashauri ya ndoa, katika ugomvi wa washirika wa biashara, na hasa katika siasa, pale kiongozi anapoondolewa na watu wakataka wafuasi wake nao waondoke.

Maana hiyo ni sahihi, walakini si kamili. Kabla ya kuwa funzo la maadili, maneno hayo yalikuwa maelezo ya kazi: mtu amemkuta jongoo nyumbani, amemwinua kwa kijiti, amemtoa nje na kumtupa pamoja na kile kijiti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba methali hii ni hati ya historia. Imehifadhi ujuzi wa namna ya kumzuia jongoo asiingie nyumbani, ujuzi ambao hauonekani katika nyaraka za serikali, na ambao umeanza kusahauliwa tangu dawa za kiwandani zilipoenea. Kadhalika yanakusudia kuonyesha hasara inayopatikana pale wakusanyaji wa methali wanapoandika funzo na kuiacha kazi iliyolizaa.

1. Jina la jongoo

Neno jongoo si la mkopo. Ndugu zake wametapakaa katika lugha nyingi za Kibantu. Waganda husema eggongolo, Wagĩkũyũ mũnyongoro, Wachewa bongololo, Washona zongororo, na Wazulu ishongololo. Hilo la mwisho limeingia hata katika Kiingereza cha Afrika Kusini. Ukilinganisha majina haya utaona kwamba mahali penye l au r katika lugha nyingine, Kiswahili hakina kitu. Hali hiyo ni ya kawaida. Ndivyo mvula ya Wachewa na imvula ya Wazulu ilivyokuwa mvua kwa Waswahili, na njala ya Wachewa ikawa njaa. Kudondoka kwa sauti hiyo kumeelezwa kwa kirefu na Nurse na Hinnebusch katika kitabu chao cha 1993 juu ya historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki. Konsonanti ya mwanzo wa jina, kwa upande mwingine, haifuati kanuni za sauti kwa utaratibu huo, jambo ambalo si geni katika majina ya wadudu. Hata hivyo, umbo zima linatosha kuonyesha kwamba jina ni la kale, na kwamba waliolitumia walimfahamu mdudu huyu muda mrefu kabla ya kujengwa kwa miji ya mawe.

Jambo la pili la kuzingatia ni tofauti baina ya jongoo na tandu. Wote wawili ni wadudu kwa maana pana ya neno hilo katika Kiswahili, ingawa katika elimu ya viumbe hawahesabiwi pamoja na wadudu wenye miguu sita. Tandu ana jozi moja ya miguu katika kila pingili ya mwili. Ni mwepisi wa mbio, huwinda, na huuma. Jongoo ana jozi mbili katika pingili zake nyingi. Huenda polepole, hula majani na miti iliyooza, na haumi. Katika baadhi ya lugha za Ulaya jina lake hutokana na Kilatini, na maana yake ni mwenye miguu elfu. Jina hilo halikuwa kweli kwa jongoo yeyote aliyejulikana hadi 2021, ilipotangazwa kwamba huko Australia Magharibi, chini sana ya ardhi, amepatikana mmoja mwenye miguu 1,306. Kiswahili hakikujishughulisha na hesabu ya miguu. Kilijishughulisha na kuwatenga wawili hawa, anayedhuru na asiyedhuru, kwa maneno ambayo hayana mizizi ya pamoja. Mtoto aliyejua tofauti ya maneno hayo alijua yupi wa kukimbia na yupi wa kuondoa kwa kijiti.

Jongoo mkubwa wa pwani, ambaye huweza kupita sentimita 25 kwa urefu, aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1855, alipoelezwa na Wilhelm Peters, Mjerumani aliyesafiri Msumbiji baina ya 1842 na 1848. Leo wataalamu humwita Archispirostreptus gigas.

2. Maana ya "wake"

Swali ambalo wafasiri wa methali hawajalipa uzito unaostahili ni hili: kwa nini mti ni wake? Kiwakilishi hicho cha umiliki ndicho kiini cha methali. Kama mti ungekuwa chombo tu cha mwenye nyumba, ingetarajiwa aambiwe atupe na mti aliotumia. Badala yake mti umeshahesabiwa kuwa mali ya jongoo.

Yako majibu mawili, na yote yana msingi katika maisha ya nyumbani.

Jibu la kwanza ni kwamba mti umekuwa wake kwa kuguswa. Jongoo akisumbuliwa hujikunja duara, na katika ubavu wa mwili wake hutoka majimaji yenye harufu kali. Katika majongoo wa mviringo, ambao ndio hasa tunaowaona uwanjani, majimaji hayo yana kemikali za jamii ya benzokwinoni. Béhal na Phisalix walikwisha kuitambua kwinoni katika jongoo wa Ulaya mwaka 1900. Kemikali hizo huacha doa la kahawia katika ngozi, doa ambalo halitoki kwa maji na sabuni ila baada ya siku kadhaa. Machoni huchoma na huweza kuleta madhara. Wako pia majongoo wa jamii nyingine, wenye migongo bapa, ambao hutoa sianidi. Mti uliomwinua jongoo basi si safi tena. Ukirudishwa jikoni, au ukiachwa mahali mtoto atauokota na kupeleka mkono machoni, madhara ya jongoo yamebaki nyumbani ingawa mwenyewe amekwisha kutupwa. Mtunzi wa methali hakuijua kwinoni, lakini aliyajua matokeo yake, na aliyatia katika kiwakilishi kimoja.

Jibu la pili ni kwamba mti ulikuwa wake tangu mwanzo. Jongoo hukaa katika gogo linalooza, katika rundo la kuni lililoachwa chini ya upenu wakati wa mvua, katika makuti makuukuu yaliyoteremshwa darini na kulundikwa kando ya ukuta. Humo ndimo hupata chakula, unyevu na mahali pa kutagia mayai. Anayemtupa jongoo na kuuacha mti huo atamtupa mwingine kesho. Kwa fasiri hii methali haizungumzii tena kijiti cha kuinulia, bali makao.

Hakuna haja ya kuchagua moja na kukataa nyingine. Methali huishi kwa sababu hubeba maana zaidi ya moja, na maana hizi mbili zinakamilishana: ya kwanza yafundisha namna ya kumwondoa jongoo mmoja bila kujidhuru, na ya pili yafundisha namna ya kuwazuia wengi wasirudi. Zikiunganishwa, yapatikana kanuni nzima. Jambo la kuangaliwa ni kwamba fasiri zote mbili zinakataza kumponda jongoo ndani ya nyumba. Kumponda ni kumwaga majimaji yake sakafuni au ukutani.

3. Nyumba, uwanja na jaa

Kanuni hiyo haikuwa maneno matupu. Ilikuwa na mahali pake katika ujenzi na katika utunzaji wa nyumba.

Uchimbuzi uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, umeonyesha mji ulioanza karne ya 8 kwa nyumba za miti na udongo, ambamo nyumba za kukaa za mawe ya matumbawe zilienea baadaye, katika karne ya 14, kabla ya mji kuhamwa karne ya 15. Kwa hiyo hata katika pwani inayosifiwa kwa majumba ya mawe, nyumba ya udongo ndiyo iliyotangulia, na haikukoma mawe yalipokuja. Nyumba hiyo ilikuwa ya fito na boriti, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa katika tako la ukuta. Mvua ya masika ilipopiga, maji ya paa yalidondoka karibu na kiambaza, udongo ukalowa na kupasuka, na katika nyufa hizo jongoo alipata njia.

Msamiati wa kazi za nyumbani unaonyesha jinsi udhaifu huo ulivyokabiliwa. Kukandika hakukuwa kazi ya siku ya kujenga tu; kulirudiwa kila nyufa zilipotokea. Mchirizi ulichimbwa ili maji ya paa yasituame. Uwanja ulifagiliwa kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa hadi ukabaki udongo mtupu. Mgeni angeweza kuuona uwanja huo kuwa mkavu na usiopendeza kwa kukosa majani, lakini ukavu ndio uliokuwa shabaha. Jongoo hawezi kuzuia maji ya mwili wake yasipotee kama wadudu wengi wanavyoweza, na kwa sababu hiyo hutembea zaidi usiku na wakati wa mvua. Ukanda wa udongo mkavu usio na majani ni kwake kama jangwa. Takataka zilizofagiliwa zilipelekwa jaani, na jaa halikuwekwa mlangoni. Huko jongoo aliruhusiwa kukaa, na huko alifanya kazi yake ya kugeuza majani kuwa udongo.

Ndani ya nyumba, mahali palipobaki na unyevu siku zote palikuwa pembeni kwa mtungi wa maji ya kunywa. Upo msemo wa mafumbo juu ya jongoo asiyepanda mtungi, ambao watu wazima huutumia kwa maana isiyosemwa mbele ya watoto. Maana hiyo si ya makala haya. Lakini fumbo halitungwi kwa vitu ambavyo havikutani: ili msemo ueleweke, ilibidi wasikilizaji wawe wamekwisha kumwona jongoo akizunguka penye mtungi na kushindwa na ubavu wake laini. Huo nao ni ushahidi wa mahali jongoo alipoonekana ndani ya nyumba.

Nyumba ya mawe ilipunguza tatizo bila ya kulimaliza. Sakafu iliyoinuliwa, kuta zilizopakwa chokaa, na baraza iliyotenga mlango na njia, vyote viliongeza ukavu. Kwa upande mwingine, birika na choo vilivyojengwa ndani vilileta unyevu mpya, na chokaa ikipasuka jongoo hupita. Hivyo hata mwenye jumba alihitaji mtu wa kuziba nyufa.

4. Kimya cha nyaraka

Mtafiti anayetafuta habari za jongoo katika maandishi ya utawala wa kikoloni hatapata mengi, na sababu yake haifichiki. Serikali ilijishughulisha na wadudu na wanyama wanaoeneza maradhi. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto. Mwaka 1921 ilipitishwa sheria ya afya ya jamii, na baada yake Bwana Afya akawa mtu wa kuogopwa mitaani na vijijini. Adui zake walikuwa panya, viroboto, mbu na nzi. Jongoo haambukizi malaria wala tauni, kwa hiyo hakuwa adui wa serikali. Alikuwa kero ya mwenye nyumba, na hasa ya mwanamke na watoto waliofagia, na kero ya namna hiyo haikuandikiwa ripoti.

Hapa ndipo thamani ya methali inapodhihirika kwa mwanahistoria. Kazi ya kila siku iliyofanywa na watu wasioandika, dhidi ya mdudu asiyeua, haiwezi kuacha hati nyingine isipokuwa lugha. Neno jaa, kitenzi kukandika, ufagio wa chelewa, na kiwakilishi wake katika methali ndiyo nyaraka zilizosalia.

5. Kutoka mti hadi dawa

Mabadiliko makubwa yalikuja na dawa za kuua wadudu. Kenya ilianza kulima pareto mwishoni mwa miaka ya 1920, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa imekuwa mzalishaji mkuu duniani. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Katika miaka ya 1950 majaribio ya kupambana na malaria katika eneo la Pare na Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, yalinyunyizia dieldrini kuta za ndani za nyumba. Watu waliona kwa macho yao kwamba ukuta unaweza kutiwa kitu kikaua wadudu miezi mingi bila ya kufagia wala kukandika.

Lugha ilipokea mambo hayo kwa neno moja: dawa. Neno hili, lililotoka Kiarabu, lilikuwa na maana ya kitu kiponyacho. Sasa kukawa na dawa ya kikohozi na dawa ya mende, dawa ya homa na dawa ya panya. Sarufi ni ile ile, ila uhusiano umebadilika: katika jozi ya kila upande, ya kwanza hunywewa na mgonjwa, na ya pili ni sumu. Neno sumu lilikuwapo, tena linafahamika kwa wote, lakini halikuchukua nafasi hiyo katika mazungumzo ya kawaida. Matokeo yake si ya kiisimu peke yake. Kimiminiko cha shamba kinapotiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya kitanda kwa jina la dawa, jina lenyewe halimwonyi mtoto.

Sheria zilifuata polepole. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia viuawadudu mwaka 1982, na mwaka 1986 ikakataza DDT katika kilimo. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioanza kutumika 2004, uliziweka DDT, aldrini na dieldrini miongoni mwa kemikali 12 za kwanza zilizowekewa marufuku au mipaka mikali, kwa kuwa hudumu muda mrefu katika udongo na katika miili ya viumbe.

Kwa upande wa jongoo, dawa hizo zina kasoro ambayo haitokani na ukali wake. Jongoo anayeonekana ukutani si mkazi wa nyumba. Ametoka nje, aghalabu kwa sababu mvua imejaza maji makao yake au kiangazi kimeyakausha, na akikosa unyevu atakufa ndani mwenyewe katika muda mfupi. Anayenyunyiza ukuta amemwua mgeni ambaye angekufa, naye ameyaacha makao yanayoleta wengine. Kwa lugha ya methali, amemtupa jongoo akauacha mti. Ndiyo sababu mashauri ya wataalamu wa leo hayatofautiani sana na kazi za zamani: kuondoa majani na magogo yanayooza karibu na ukuta, kuinua kuni kutoka ardhini, kuelekeza maji ya paa mbali na msingi, kuziba nyufa na nafasi iliyo chini ya mlango, kufagia waliokwisha kuingia na kuwatoa nje. Dawa hutajwa mwishoni, kama msaada mdogo.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba mababu walikuwa na ufumbuzi wa kila jambo. Shambani jongoo ni tatizo la namna nyingine. Uchunguzi wa Ebregt na wenzake kaskazini-mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulionyesha kwamba majongoo huharibu miche ya viazi vitamu na mbegu za karanga. Mti wa kutupwa huko ni shamba zima la mabaki ya mavuno, na ufagio hautoshi. Tena uwanja uliofagiliwa hadi kubaki udongo mtupu huchukuliwa na maji penye mteremko. Methali ya nyumba ya pwani tambarare haiwezi kupelekwa kila mahali bila ya kupimwa.

Hitimisho

Imeonekana kwamba methali ya jongoo na mti wake ina tabaka mbili za maana ya kazi chini ya maana yake ya maadili: usimguse jongoo kwa mkono wala usikirudishe nyumbani kilichomgusa, na usimwondoe ukayaacha makao yake. Tabaka hizo zinathibitishwa na kemia ya jongoo, na tabia yake, na msamiati wa nyumba ya pwani.

Hatari iliyopo ni kwamba mikusanyo mingi ya methali huandika funzo peke yake. Mwanafunzi wa mjini ambaye hajamwona mtu akimwinua jongoo kwa kijiti hujifunza kwamba jongoo maana yake ni mtu mbaya, na mti maana yake ni wafuasi wake. Ataweza kuitumia methali katika insha na asiweze kuitumia jikoni. Akimkuta jongoo atamponda, au ataitafuta chupa ya dawa. Hivyo methali itaendelea kusemwa ilhali ujuzi uliomo umetoweka.

Kwa hiyo yafaa watungaji wa kamusi na wakusanyaji wa methali waandike mambo matatu chini ya kila methali ya namna hii: kitendo kilichotajwa, jinsi kilivyotendwa na mahali kilipotendwa, kisha funzo. Kazi hiyo inahitaji kuwauliza wanaofagia na kukandika, siyo wazee wa baraza peke yao. Nyumba za udongo zinapungua, saruji inaenea, na wanaojua sababu ya mti kuitwa wa jongoo wanazidi kuwa wachache. Kinachoweza kuandikwa kwa kuuliza leo, kesho kitakuwa cha kukisiwa.